Mpezi Wagu

Nina miaka sabini na mbili na sijawahi kumpiga mtu. Siku ile nilibakiza kidogo tu.

Tulikuwa wazee kumi na mmoja wa mtaa mmoja, kwenye gari la kukodi, tunapanda vilima vya msitu wa mvua. Joto la kiangazi lilikuwa balaa. Viti vinaunguza mapaja, miti imeloa ukungu, na hewa nzito kama ya jikoni.

Mke wangu alikaa mbele, ubavuni kwa dereva. Dereva tulimwita Miwani. Miaka hamsini, shati jeupe, meno yote yapo.

"Na kile, mama?" anamuuliza, akionyesha kibao cha njiani.

Mke wangu anamnong'oneza. Wanacheka.

"Jirani, jasho linakutiririka," fundi viatu wa mtaa wetu akanichokoza. "Ni joto, au ni Miwani?"

"Joto."

"Haya. Joto lenye shati jeupe."

Tulipofika kwenye maporomoko, nikamsikia mke wangu nyuma ya gari akimwambia Miwani: "Mzee asijue kabla ya jioni."



Wenzangu wakaenda kuona maji. Mimi nikasingizia magoti. Pochi ya mke wangu ilikuwa kitini. Nikaifungua.

Karatasi. "Mpezi wagu, nakupeda tagu zamani."

Mwizi wa wake za watu, na kuandika hajui!

Mimi nilisoma shule ya usiku miaka sita, nikapanda kwenye kiwanda cha uchapaji kutoka mfagiaji hadi msahihishaji wa chapa. Kalamu nyekundu haitoki mfukoni. Nikachomeka N nne. Chini nikaandika: "Mbili kwa kumi. Rudia."

Waliporudi, nikaisoma kwa sauti, hivyohivyo na makosa yake.

"Miwani! Kabla ya kutongoza mke wa mtu, nenda shule!"



"Baba watoto," mke wangu akasema, "hiyo ni yangu."

"Najua! Umeandikiwa!"

"Nimeiandika. Nilitaka kukupa jioni."

Miwani akavua miwani. "Mzee, mimi hufundisha watu wazima kusoma, pale ukumbi wa mtaa. Mama ana miezi mitano darasani."

"Si anakwenda kushona?"

"Umewahi kuniona na hata kitambaa?" mke wangu akauliza.

"Mbona hukuniambia? Ningekufundisha mwenyewe!"

"Ulinifundisha. Mwaka tuliooana. Ukanicheka mbele ya dada zako kwa ajili ya hiyo hiyo N. Nikaweka kalamu chini miaka arobaini na tatu."

Fundi viatu akageukia dirishani.

Niliomba ile karatasi. Akaikunja. "Hii umeshaichafua."

Wiki tatu alinipa chai bila neno. Jana nimekuta karatasi chini ya kikombe: "Mpenzi wagu."

Wenzangu tunaojivunia shule, tusome kwanza tunachoambiwa. Makosa hayakimbii.

Kalamu nyekundu nimempa mjukuu achoree nyanya. Na barua hiyo ya jana nimeirudia mara kumi. Naapa, sijaona kosa.