Maharusi Mbele ya Ua la Mzoga

Bi Mvuke alipewa jina hilo kwa ajili ya kazi yake. Alitunza mimea adimu ya nchi za joto katika jumba la vioo la bustani, mahali ambapo miwani ya wageni huingia ukungu na shati hugandamana na mgongo. Humo ndimo alimokutana na fundi saa, mwanamume aliyeweza kusimama mbele ya ua moja la okidi mpaka akasahau njaa. Wakaoana. Kisha fundi saa akampata binti wa duka la miwani, akamwambia mkewe kwamba mapenzi yameisha, kama mtu anayesema sukari imeisha.

Halafu kuna watu wana macho makavu, jamani! Kati ya kumbi zote za mjini, bwana huyo akachagua kupiga picha za harusi humo humo, mbele ya mtalaka wake.

Bi Mvuke hakulia. Alikwenda kulitazama ua la mzoga. Ua hilo, refu kumpita yeye, huchanua kwa nadra sana, na likichanua hunuka kama panya aliyefia darini. Asubuhi ya harusi lilikuwa limeanza kulegea pembeni, dalili kwamba litafunguka siku hiyo hiyo. Desturi ya kazi ni kwamba mtunzaji akiona hivyo huwaambia watu wa mapokezi, ili sherehe zihamishiwe chumba kingine. Siku hiyo ulimi wake ukawa mzito. Na maharusi walipoingia alasiri, akafunga hadi madirisha ya juu.

"Leo utanikoma," alisema moyoni, na alisikia raha kweli kweli.

Harufu ikapanda. Mashangazi wakaziba pua kwa mitandio. Mpiga picha akatimua mbio nje kwenda kutapika. Bibi harusi machozi yakamlengalenga, akajikaza kutabasamu.

Na bwana harusi? Aliuachia mkono wa mkewe, akapiga magoti kwenye udongo mbichi na suti yake.

"Limechanua!" alisema, sauti ikitetemeka. "Mwenzangu, umenitunzia hadi siku yangu! Mungu akulipe."

Katika ndoa yao nzima hakuwahi kumshukuru hivyo. Kisasi chote kile kimegeuka zawadi!

Bibi harusi akamsogelea Bi Mvuke, pindo la gauni limelowa tope.

"Dada, ndivyo alivyo siku zote?"

"Ndivyo alivyo, mdogo wangu."

Binti akamtazama mumewe kitambo, akakusanya gauni lake, akatoka. Gari likasikika likiondoka, na mashangazi nao wakafuata.

"Bwana harusi," Bi Mvuke akaita, "mkeo ameondoka."

"Nakuja," akajibu bila kugeuka.

Kwa "nakuja" hiyo Bi Mvuke alikula chakula kilichopoa ndoa nzima. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo akimwacha ndani, akaenda zake nyumbani kula kingali moto.