Sarafu ya Dhahabu ya Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alikuwa mkimbiaji. Alianzia Timau, akizunguka mashamba ya ngano alfajiri kabla ya kwenda kuchuma maua ya matajiri, na miguu hiyo ndiyo iliyompeleka ng'ambo kuiwakilisha Kenya. Nchi iliyoandaa michezo ile ilitoa sarafu za dhahabu za ukumbusho, na kila mwanariadha akapewa moja. Siku ya kurudi, kiongozi wa timu alizikusanya zote, akidai zinaenda kuandikishwa. Baada ya miezi kadhaa akamrudishia dada sarafu yake ndani ya kijisanduku.

Dada aliitunza miaka kumi na moja. Mwaka jana, binti yake alipokuwa anaolewa, dada alitaka itiwe kipete cha kupitishia mkufu, yeye mwenyewe aivae shingoni siku ya harusi. Tukaipeleka kwa sonara mmoja mjini Meru, mzee Mwislamu anayeaminika. Aliisugua kwenye jiwe lake, akadondoshea dawa ya kupimia dhahabu. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hii ni shaba iliyopakwa juu."

Dada akairudisha kijisandukuni. Mimi hasira zilinipanda.

Tukamfuata yule kiongozi kwake Embu. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kulikuwa na sarafu ya michezo ile ile. Dada akamwuliza aliipataje, ilhali yeye hakukimbia hata hatua moja. Kiongozi huyo, mzee sasa, hakuona haya. Alisema zamani mambo yalifanywa hivyo, na wakubwa wenzake pia wanazo.

"Na wewe ungeifanyia nini?" akamwuliza. "Ungeiuza tu, ununue ng'ombe."

"Nilitaka kuivaa," dada akasema.

Aliweka ile shaba juu ya meza, akaomba yake halisi. Mzee akataka ushahidi, nasi hatukuwa nao. Tulipopeleka malalamiko kwenye ofisi ya chama cha riadha, tuliambiwa faili za safari ile hazionekani.

Dada alicheza harusini shingo tupu, akicheka na wageni. Anasema amesamehe. Mimi bado. Mwezi uliopita nilimwona mzee huyo kwenye michezo ya shule, akiwagawia watoto zawadi na kuwahimiza wawe waaminifu, nikainuka nikaondoka. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba siku ile kwake, wakati dada yangu anatukanwa, mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake, na chai niliimaliza.