Mayi ya Motere

Baba yangu kule Ankoro alikuwa na mtumbwi unaovuja. Aliziba kwa nta na vitambaa, lakini kila alipotoka mtoni tulimkuta anakumba maji. Mama akamwambia, "Papa, wewe unavua samaki ao unavua mayi?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Sijui kwa nini nimeanza huko. Labda kwa sababu shemeji yangu Kitenge, kaka ya mke wangu, naye aliziba radiatere ya kamio yake, lori kuukuu, kwa sabuni, na mke wangu Feza akamcheka vilevile.

Asubuhi ya siku vita ilipofika kwetu Kalemie, watu walikuwa wanauza ndagala, dagaa wa ziwa, kama kawaida. Mchana zikasikika bunduki nzito za waasi. Basoda, askari wa serikali, ndio walikuwa wa kwanza kukimbia, na mtu anayekimbia akiwa na bunduki ni wa kuogopa sana. Feza alikuwa na mimba ya kuzaa wakati wowote. Kitenge akatupakia na majirani, tumfikishe Feza Mpala, kwa misioni, azalie huko.

Kwenye kilima sabuni ilitoka. Mvuke ukafunika kioo. Kitenge akaruka chini.

"Mayi! Leteni mayi!"

Sisi wote juu ya kamio tukapokea: "Mayi! Mayi!"

Tulisahau. Siku zile wapiganaji wa porini, maadui wa basoda, walipaza neno hilohilo wakishambulia, eti risasi zigeuke maji.

Basoda wakatoka majanini.

"Nani anaita mayi?"

"Ni motere njo inaita, Shefu," Kitenge akasema, akionyesha injini. "Iko na kiu."

Mkubwa wao akagusa radiatere, akaungua kidole. Akacheka. Tukapumua.

"Unajua motere? Yetu imekufa kule chini. Kuya," akamwita kwa mkono.

Hapa nitangulie kidogo. Tulifika Mpala kwa miguu, maana hakuna mwingine aliyejua kuendesha. Mtoto akazaliwa huko, mzima, mwanaume. Wazee wakataka aitwe Kitenge. Feza akakataa kabisa. Jina hilo ni la kumrithi marehemu, akasema, na kaka yake ameenda tu kutengeneza motere. Mpaka leo anasema hivyo, nami simbishii.

Pale kilimani Feza alimshika kaka yake shati.

"Yaya, usiende."

"Nitakawia wapi? Musifungue kifuniko, itawaunguza."

Akachukua bido, dumu tupu, arudi na maji. Akateremka katikati ya basoda, akiwauliza gari yao ilianza kulia namna gani.

Tulikaa mpaka chuma cha motere kikawa baridi kabisa. Hakurudi.