Wifi Aligeuza Kompyuta Jiko, Lawama Nikabebeshwa Mimi

"Kompyuta yangu ilikuwa nzima mpaka huyu mama alipoanza kuichezea." Maneno hayo yalisemwa kwenye kikao cha kazini, mbele ya mkurugenzi, na hakuna aliyembishia msemaji. Mimi nambishia hapa. Kompyuta iliyokaa miezi bila kuzimwa wala kupata apdeti hata moja siyo nzima. Ni kama gari lisilobadilishwa oili, halafu mwenyewe anajisifu kwamba bado linatembea. Na aliyesema hayo siyo mtu baki. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja.

Admin, nifichie jina. Nina miaka arobaini na saba, nina mume na watoto watatu. Nasimamia kompyuta za kampuni moja ya mbegu yenye ofisi kuu hapa Mbeya na tawi Iringa. Wifi ni mkuu wa mauzo hapohapo, na ndiye aliyeniombea kazi, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Mwaka jana virusi viliingia tawi la Iringa kupitia flashi ya mtu, mafaili yote yakajifunga, wenzetu wakarudi kuandika kwa mkono msimu mzima. Nilieleza sababu: kompyuta za kule zilikuwa hazijapata apdeti, yale maboresho yanayoziba mianya ya virusi, kwa muda mrefu. Mkurugenzi akaniagiza kwa kinywa chake nihakikishe jambo hilo halijirudii. Nikaweka utaratibu mwepesi kabisa: kila Ijumaa kabla ya kutoka, kila mtu ahifadhi kazi yake, aizime kompyuta na kuiwasha upya ili apdeti ziingie. Basi.

Lakini mnaoijua Mbeya mnaijua baridi yake ya Juni. Ofisi yetu haina hita, kwa hiyo watu huacha kompyuta zikiwaka siku zote ili wakifika asubuhi wakute joto. Wanavua viatu na kuweka miguu nyuma ya mashine, pale inapotoka hewa ya moto. Wifi aliwazidi wote. Ya kwake aliivika kitenge ili joto lisipotee. Na tangu tufungiwe betri kubwa, umeme ukikatika kompyuta hazizimiki, basi watu wakaacha hata kuhifadhi kazi. Nilipomwambia wifi kwamba anacheza na hatari, alinijibu ofisi nzima ikisikia: "Nihifadhi ya nini, wakati kazi iko hapa naiona? Na wewe mtu wa Kyela, mwenye joto la bure kwenu, utaijulia wapi baridi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mawifi hutaniana.

Kila ujumbe wa kuwasha upya ulipotokea, alibonyeza akumbushwe baadaye. Akabonyeza wiki baada ya wiki. Nilimwonya kwamba kuahirisha kuna mwisho, kwamba ikifika mahali mashine itajizima na kujiwasha yenyewe bila kumuuliza mtu. Ikafika. Alikuwa ametoka kunywa chai. Aliporudi, mpango wote wa kugawa mbegu za mpunga kwa wakulima wa Madibira, alioupiga chapa siku nyingi bila kuuhifadhi, haukuwepo. Viongozi wa wakulima walishafika, wameketi ukumbini wanamsubiri yeye. Wakaondoka mikono mitupu, wakisema watatafuta kampuni nyingine.

Kikaitishwa kikao. Wifi alidai niliizima kompyuta yake kutoka mezani kwangu kwa makusudi, ili kumkomoa. Nilimgeukia mkurugenzi nikamkumbusha agizo lake. Akasema hakuniagiza nipoteze wakulima. Kisha akaamua: Jumatatu nisimame mbele ya wafanyakazi wote niombe radhi, halafu nizuie apdeti kwenye kompyuta zote, Mbeya na Iringa. Nikikataa, nitafute kazi kwingine. Yaani mtu aliyeniagiza kufunga mlango ananiadhibu kwa kuufunga.

Jioni ileile wifi alikuja nyumbani. Alinikuta jikoni nachambua mboga, akakaa, akaanza kunisaidia kama hakuna kilichotokea. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Asubuhi ile ujumbe ulitokea, nikaubonyeza bila kuusoma. Lakini wifi, mimi nina cheo pale. Wewe ukiomba radhi, yanaisha." Mume wangu alikuwa sebuleni na alisikia kila neno. Alipoondoka dada yake, aliniambia niombe tu radhi, ni neno moja, undugu ni mkubwa kuliko kompyuta.

Siyo neno moja. Nikiomba radhi nimekiri kosa ambalo sikulitenda. Nikizuia apdeti, virusi vikirudi, mtaona watamfuata nani. Na huo undugu unaotajwa, mbona unadaiwa kwangu peke yangu? Dada mtu alipokuwa ananisingizia kikaoni, undugu alikuwa ameuacha wapi? Nimechoka na watu wanaoita woga wao amani ya familia.

Wasomaji, nishaurini, hasa nyinyi wanawake mnaofanya kazi ofisi moja na ndugu wa mume. Niombe radhi nilinde ndoa na mkate wa watoto, au nikatae na yanikute yatakayonikuta?

Lakini wewe wifi, kwako siombi ushauri. Ukurasa huu ni wewe uliyenionyesha, na najua unausoma hapo mezani, miguu ikiota joto. Jumatatu, kabla jina langu halijaitwa, simama wewe. Waambie ulichoniambia jikoni. Halafu rudi mezani kwako, ivue kompyuta hicho kitenge, hifadhi kazi yako, na uizime mbele ya macho yao.