Mgonjwa Asiyekuwa na Kitanda

Sifa zote ni za Mola aliyenirudishia sikio langu. Nawasimulia ninyi mnaosomea uuguzi, ili aliyevunjika moyo ainuke.

Nilikuwa mwalimu wa madrasa mjini Kitale. Watoto wangu walipokua, niliingia chuo cha uuguzi nikiwa nimepita miaka arobaini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baadaye tulipelekwa hospitali moja upande wa Bungoma kujifunza kazi wodini. Nilikuwa mzima wa afya, na wenzangu waliniita Mama Madrasa.

Sista aliyesimamia wodi aliijua kazi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga. Asubuhi moja tukisafisha vidonda, nilimpa koleo lililokwisha kugusa pamba chafu.

"Mama mzima, na bado unafikiri hapa ni madrasa?" akasema, kisha kofi likanipata sikio la kushoto mbele ya wagonjwa. Kitu kilipasuka ndani, halafu ukaja mlio kama wa redio iliyopoteza stesheni.

Mwenzangu Nekesa, msichana wa Webuye, alinivuta kando. "Nyamaza tu, mama. Ati hata yeye alichapwa hivyo akisoma. Ukisema, hatakupitisha."

Nikanyamaza, nikidhani hiyo ndiyo subira. Mtandio ulifunika sikio, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Lakini kila nilipotawadha nilipangusa masikio kwa vidole vyenye maji, kama nilivyozoea tangu utotoni, na maji yakaingia pale palipopasuka. Usaha ukaanza kutoka, wa manjano na wenye harufu. Mto wangu ulilowa. Nikiinama kutandika kitanda, wodi ilizunguka. Siku moja nilipotaka kumpima mgonjwa presha, nilishindwa kutia kifaa cha kusikilizia sikioni kwa maumivu. Hapo nikaogopa kweli. Muuguzi asiyeweza kupima presha ni muuguzi gani?

Nilipokwenda nyumbani, mume wangu aliuona mtandio uliochafuka. Nikamweleza, nikasema nimemwachia Mungu.

"Mwalimu," akasema, "si wewe huwafundisha watoto kwamba hata anayedhulumu asaidiwe, kwa kuzuiwa? Ama ulikuwa unawasomea tu?"

Akanipeleka kwa daktari wa masikio, naye akachungulia kwa taa. "Ngozi ya ndani imetoboka," akasema. "Ukikaa hivi utakuwa kiziwi upande huu. Maji yasiingie hata tone." Akanipa dawa ya matone na vidonge. Dini imempa mgonjwa wepesi katika udhu, nami nikaupokea, nikaacha kulipangusa sikio hilo kwa maji.

Niliporudi Bungoma nilipangiwa zamu ya usiku, na asubuhi ilikuwa juu yangu kutoa ripoti. Desturi ni kwamba tunazunguka pamoja kitanda kwa kitanda, ukieleza hali ya kila mgonjwa. Siku hiyo matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwepo. Nilifika kitanda cha mwisho, kisha nikaendelea kwa sauti ileile.

"Kuna mgonjwa mmoja hana kitanda. Ni mwanamke, mwanafunzi. Alipigwa kofi humu wodini. Sikio limetoboka, linatoa usaha, na ana kizunguzungu. Ameanza dawa."

"Yuko wapi?" matroni akauliza.

"Ndiye anayetoa ripoti."

"Nani alimpiga?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja aliyefungwa mguu akasema, "Si ni huyo sista hapo, bana. Sisi wote tuliona."

"Na mimi alinichapa," Nekesa akasema. Mwanafunzi mwingine akafuata, na mwingine.

Sista aliondolewa wodini kwetu. Baadaye alinijia akiwa peke yake. "Nisamehe, mama. Mimi nilifundishwa hivyo."

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Lakini usimfundishe mtu hivyo tena."

Tundu lilijifunga polepole. Siku daktari aliponyamazisha chumba na kuninong'oneza jina langu upande wa kushoto, niliitika, tukacheka wote wawili. Mtihani wa kupima presha nilipita, na nimeuguza watu mpaka nikazeeka.

Namshukuru Mungu, mume wangu, na yule mzee wa mguu. Mwanangu unayesoma, ukipigwa, omba dua, tafuta matibabu mapema, na useme ukweli kwa heshima. Subira haikukatazi kusema. Nilipokabidhiwa wodi yangu mwenyewe Kitale, kila asubuhi nilianza ripoti kwa kuwageukia wanafunzi: "Nani kati yenu ameumizwa?" Wakishajibu, ndipo tulipokwenda kitanda cha kwanza.