Kiti cha Mfiwa

Kanisani kwetu Louisville msafiri haondoki kimyakimya. Anasimama mbele, anataja safari yake, tunamwekea mikono. Kwa hiyo jirani yangu, Mkongo wa Kivu, alipofiwa na dada yake huko Buffalo, alisimama. Mchungaji akafumba macho, akaomba kwa sauti ya kutosha mtaa mzima: "Bwana, umufiche ndugu yetu huyu! Hana karatasi! Upofushe macho ya polisi njiani!"

Tukaitika amina. Simu iliyokuwa kwenye kistendi ilikuwa ikirusha ibada moja kwa moja mtandaoni.

Video ilifutwa mchana ule ule, ila jirani yangu hakujua nani alikwisha kuitazama.

Majimbo kadhaa ya Marekani yalikuwa yametunga sheria zao: kukaa bila kibali si shauri la serikali kuu peke yake tena, ni kosa la jinai la jimbo, na kwingine hata anayekubeba garini anaweza kufungwa. Mimi, msomi wa shahada mbili niliyejitolea kumpeleka kwa gari langu, nilimhakikishia kwamba njia yetu haipiti kwenye majimbo hayo. Nikamwonyesha na ramani.

"Yaya," akasema, maana huniita kaka mkubwa, "polisi nao wako na ile ramani?"

Nikaikuza ramani, nikaongea zaidi.

Asubuhi ya safari nilimkuta nje ya nyumba yake, mtaani kwetu Jeffersontown, amevaa suti na tai. Alibeba mfuko wa unga wa muhogo wa kupikia waombolezaji. Akauweka kiti cha mbele, akabaki amesimama.

"Bon, enda wewe. Wakinikamata, watoto nitaachia nani?"

Akafunga mlango wa gari taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Sijatoka hata mtaani, gari likaanza kulia: kiti kina mtu, mtu hana mkanda. Nikaufunga unga mkanda.

Karibu na mji wa Columbus gari la polisi likaja sambamba nami. Nikakaa wima, nikautupia unga jicho, nikajikuta nauomba usitikisike. Raia kamili, mwenye pasipoti, anasafirisha unga kihalali! Polisi akapita.

Makaburini Buffalo watu walisimama na makoleo wakisubiri. Kwao ndugu wa tumbo moja ndiye hutangulia kutupa udongo.

"Kaka yake iko wapi?" mama mmoja wa mtaa wa Black Rock akaniuliza. "Ao nafasi ilikosa mu gari?"

Nikamwambia nafasi ilikuwepo.

Tulisubiri mpaka wafanyakazi wa makaburi wakachoka na kuwasha mashine yao. Udongo wa kwanza ulimwagwa na trekta.

Niliporudi nilimpelekea kitenge cha dada yake. Nikagonga. Sauti ikatoka nyuma ya mlango:

"Yaya, uko peke yako?"

Nilikuwa peke yangu. Hata hivyo niligeuka, nikaangalia nyuma kabla ya kumjibu.