Kibao cha Shivachi, Mpangaji wa Kianda

Kaka yangu Shivachi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kianda, Kibera. Kazi yake ilikuwa mageti na madirisha, lakini vipande vilivyobaki alivitengenezea vibao vya historia, kazi ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Siku moja mjini alisoma kibao kwenye jengo la zamani, kinasema mzungu fulani alilala hapo usiku mmoja. Akaniambia, "Jentrix, huyo alilala tu. Sisi tumekaa."

Ndiyo maana ukitembea Kianda utasoma kwamba HAPA OLOO ALIANGUKA MTARONI AKIWA NA SUTI. Mbele kidogo, HAPA PALIKUWA NA MTI. Shivachi alikuwa na sheria moja: kila neno liwe na mashahidi watatu, wasimame mbele ya kibao waseme waliona. Osewe, jirani yake, aliomba kibao cha mahali alipomposa mke wake. Mke alipoitwa kushuhudia alisema hakumbuki kuposwa. Kibao hakikutengenezwa.

Mwezi wa Juni kaka alishikwa na kifua, Mungu akamchukua. Tulimzika nyumbani Shinyalu. Niliporudi Nairobi nilikuta chumba chake kimeingiwa na kijana anayeitwa Vincent, mlangoni kuna pazia jipya, na hakuna chochote kinachoonyesha kwamba Shivachi aliwahi kuishi pale. Nikamwomba Mungu kitu kimoja tu: kibao kwenye ukuta ule.

Mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, Mzee Musembi, alikataa.

"Ukiandika jina lake kwa ukuta wangu, kesho watoto wake watasema ploti ni yao."

"Mzee, hakuwa na watoto."

"Basi watakuja wako."

Nilitoka kwangu Kawangware kila Jumapili baada ya ibada kumsihi. Mwishowe alilegea, ila na yeye aandikwe, tena mwanzo: KATIKA PLOTI YA MZEE MUSEMBI, AMBAYE CHOO CHAKE KIKO WAZI KWA WAPANGAJI WOTE, ALIISHI SHIVACHI.

Adhis, mama anayeuza samaki wa omena na kuishi mlango wa pili, alisoma maneno hayo akaniuliza, "Choo gani? Hiki cha kufuli?"

Tangu Pasaka Musembi alikuwa amekifunga choo na kukaa na ufunguo kwake mtaa wa Ayany, akidai kwamba wageni wa wapangaji wanakijaza. Nikamweleza kwamba siwezi kumwekea marehemu kibao kisicho na mashahidi.

"Mashahidi si ni wapangaji wangu?" akasema. "Nikiwaambia waseme, watasema."

Akawapanga ukutani. "Semeni choo kiko wazi."

"Mzee, mimi ni mtu wa kanisa," Osewe akajibu.

"Na mimi nimebanwa tangu asubuhi," Adhis akasema. "Nitashuhudia aje na miguu imekazana hivi?"

Musembi aliwatazama, akatazama ukuta ambapo jina lake lingekaa. Akapanda boda boda, akarudi na ufunguo, akafungua. Adhis aliingia wa kwanza, tukamngojea. Alipotoka alisema, "Sasa nimeona." Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakatoka, wakashuhudia. Musembi alitaka kurudisha kufuli, lakini Vincent alikuwa amelikalia.

Ndipo ikafika zamu yangu. Baada ya jina la kaka nilikuwa nimeandika kwa chaki kwenye bati la kibao: MCHA MUNGU.

"Hapo nani alimwona?" Adhis akauliza kwa upole. "Pole, dada, lakini Jumapili alikuwa anachomelea."

Nikawaangalia, wakaangalia chini. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, kisha nikafuta maneno yale kwa mkono wangu.

"Kuna ile ya usiku," Osewe akasema.

"Ipi?"

"Kabla alale alikuwa anatuombea, kila mtu na jina lake, kwa sauti. Hizi mabati hazizuii kitu. Ata mimi nilikuwa namwambia, Shivachi, niombee pole pole, niko kazi asubuhi."

"Halafu anakoroma," Adhis akaongeza. "Hapo ndio tulikuwa tunajua tumefika amina."

Musembi akauliza kama na yeye aliombewa.

"Ombi lako ndilo lilikuwa refu zaidi," Osewe akamjibu. "Alikuwa anakuombea ufungue choo."

Fundi niliyemleta akawasha mashine, akachomelea mbele yetu: ALITUOMBEA SOTE KWA MAJINA, KISHA AKAKOROMA.

Ploti nzima ikasimama kushuhudia. Choo walisema wamekiona. Lakini hayo ya maombi na kukoroma hawakuyaona, waliyasikia tu. Shivachi angebishana nao mpaka giza liingie. Mimi nilikubali.